Kanisa Alilokuwa Akiingia Salim

Mashoga zangu, tangu nirudi mmekuwa mkinipitia mmoja mmoja, na kila mmoja nimempa kipande. Huyu habari za basi, yule habari za vyakula, mwingine nimemwambia nimechoka aje kesho. Sasa vipande vimeanza kugombana huko mitaani, mara mdogo wangu Salim kaoa Mzulu, mara Salim kafungwa. Basi nimekaa niandike yote mara moja. Salim mwenyewe kaniruhusu. Ya wengine niliowakuta naye sitayasema, ila machache waliyoniruhusu, maana niliambiwa yanayosemwa mle chumbani hayatoki, na nimekubali.

Mambo ya pasi na tiketi nayaruka. Hayana utamu.

Neno la Mbwana

Mnamjua Mbwana wa Chumbageni, anayeuza viatu Johannesburg. Alipokuja harusini kwao alimfuata ami Hemedi, mdogo wake marehemu baba, ambaye sasa ndiye mkubwa wetu, akamwambia, "Ami, Salim nimemwona kwa macho yangu akiingia kanisani. Si mara moja. Kila Jumamosi, saa tisa mchana."

Ami akatuita. Nikamtetea mdogo wangu: huenda ana kazi pale, huenda anabeba viti.

"Kila Jumamosi?" ami akauliza. "Viti gani hivyo visivyokwisha kubebwa?"

Ikaamuliwa mtu aende akaone, bila Salim kuambiwa. Macho yote yakanigeukia mimi. Nilikuwa na miaka kumi na mitano Salim alipozaliwa, mama akaugua baada ya uzazi, na mgongo uliombeba ni huu wangu. Kama kabatizwa, atanieleza mimi. Ndivyo walivyosema.

Hadi Tunduma

Kutoka Dar basi liliondoka alfajiri, na kiti cha pembeni yangu akakaa mwanamke wa Mbeya aitwaye Tumpe, mfanyabiashara wa vitenge aliyekuwa akienda Harare. Njia yote alikuwa akila karanga na kunisimulia visa vya mipakani. Nilimpa katlesi zangu, akazisifu, tukawa ndugu.

Mimi ile njia niliijua kwa masikio. Mama alipokuwa mahututi mwaka juzi, Salim aliondoka Johannesburg kuja kumwona, na kila siku nikimpigia ananiambia alipofika. Nimevuka Beitbridge, nimeingia Zimbabwe. Niko Harare. Chirundu tumekwama, pantoni imeharibika, tunalala ng'ambo. Sasa niko Lusaka. Mama akiuliza, "Salim kafika wapi?" namtajia mji, naye anautamka polepole kama anaujaribu mdomoni. Alifariki Salim akiwa Lusaka. Siku ya maziko akapiga simu analia, akasema kafika Nakonde, mpaka wa Zambia na sisi, makaratasi yamekutwa na kasoro, wamemrudisha.

Watu waliokuja msibani waliponiuliza mtoto wa kiume yuko wapi, niliwajibu wote hivyo hivyo: kazuiwa mpakani.

Kwa hiyo tulipovuka Tunduma tukaingia Nakonde, nilimwona afisa mmoja wa Zambia, mtu mzima, miwani imeshuka puani. Akanisalimu kwa Kiswahili kizuri kabisa. Sikumwitikia. Nilijisemea huenda ndiye aliyemrudisha Salim.

Mkanda wa feni

Zambia haina mwisho. Mchana unakwisha, unalala, unaamka, miti ni ile ile. Tulipopita Mpika mkanda wa feni ukakatika, na dereva akasema mwingine unakuja na basi la nyuma. Basi la nyuma lilifika kesho yake mchana.

Ilikuwa masika yao, na wanawake wa pale walikuwa wakiuza uyoga mpana kama sinia. Sijawahi kuona. Tumpe akaununua, akauchoma juu ya makaa ya mama muuza mahindi, akatia chumvi. Nilikataa, nikakataa, kisha nikaonja. Mashoga zangu, ule ni nyama! Nilimaliza wangu nikamsaidia na wake.

Jirani yetu kulikuwa na kilabu, na abiria mmoja alikwenda huko akarudi hajiwezi, akakaa juu ya begi langu. Nilimwondoa kwa maneno ambayo sitayaandika. Kisha nikamwambia Tumpe, "Mlevi haumwi huyu. Mlevi ni mtu aliyeamua."

Tumpe akasema, "Haya, dada," akaendelea na karanga zake.

Pantoni ya Chirundu

Baada ya Lusaka barabara inashuka milimani mpaka kwenye mto mkubwa, na ng'ambo ni Zimbabwe. Joto la pale ni la tanuri. Nilikuwa nimejikaza niione hiyo pantoni iliyomchelewesha Salim.

"Pantoni iko wapi?" nikamwuliza Tumpe.

"Pantoni gani?"

"Ya kuvukia mto."

Akanionyesha kwa kidevu. Lilikuwa daraja, pana, malori yamejipanga juu yake. "Mimi napita hapa mwaka wa ishirini huu," akasema. "Sijaona pantoni hapa."

Nikamwambia mdogo wangu alilala ng'ambo kwa sababu ya pantoni. Akanitazama kidogo, akasema labda alipita njia nyingine, ya magharibi, zamani kulikuwa na pantoni huko. Nikashika hilo. Mtu ambaye mama yake anakufa hawezi kushika majina ya mito.

Harare Tumpe aliteremka. Aliniachia karanga zake zote na akasema, "Ukimkuta huyo mdogo wako, msikilize kwanza."

Roboti

Johannesburg tuliingia asubuhi ya Jumamosi. Mbwana, ambaye alikuwa amekwisha kurudi kazini kwake, akaniambia kwa simu, "Shangazi, toka stendi, vuka barabara, nisubiri kwenye roboti."

Nikavuka. Nikatafuta roboti. Mimi nilitarajia mashine, kitu cha chuma chenye mikono, maana ule ni mji mkubwa, huenda wanazo. Nilisimama mbele ya duka la simu lenye sanamu la plastiki dirishani, nikaona ndiyo hiyo. Mbwana alinitafuta nusu saa, akanikuta nikilinda sanamu. Roboti ni taa za barabarani, zile nyekundu na kijani. Basi.

Alinipa magwinya ya kifungua kinywa. Ni andazi kubwa kama ngumi, halina sukari wala iliki, unalila na achari. Nilikuwa na njaa nikala mawili, lakini yule mpishi angekaa na mimi siku moja tu ningemfundisha kitu.

Jeppestown

Salim anaishi Jeppestown, katika ghala la zamani lililogawanywa kwa mbao likawa vyumba. Alitufungulia Mrundi mmoja, mlinzi, jina lake Dezire, anayeishi naye.

"Salim ako ku kazi Midrand, kwenye maghala," akasema. "Akitoka huko anapita moja kwa moja ku kikundi."

"Kikundi cha nini, baba?"

Dezire akamtazama Mbwana, akanitazama mimi. "Yeye mwenyewe atakwambia, mama."

Mbwana akanikonyeza: unaona?

Walipotoka kidogo nilipekua. Msinicheke, mtoto uliyemlea unampekua. Nilitafuta msalaba, kitabu, picha. Nilichokuta ni mswala uliochakaa pale pa magoti, tasbihi ya marehemu baba imetundikwa msumarini, na sufuria moja safi. Nikakaa juu ya kitanda chake nikachanganyikiwa. Mtu gani anasali kwenye mswala Ijumaa akabatizwa Jumamosi?

Ghorofa ya nne

Saa nane na nusu Mbwana alinifikisha mjini kati, kwenye jengo la zamani ambalo chini ni maduka ya jumla ya mablanketi na juu ni makanisa. Nasema makanisa, maana kila ghorofa ina lake. Mbwana hakutaka kupanda. Akasema atanisubiri ng'ambo.

Lifti ilikuwa mbovu. Ghorofa ya kwanza nilipochungulia, Wakongo walikuwa wakiimba, mama mmoja akanishika mkono akanipeleka mstari wa mbele na buibui langu, na kabla sijajieleza nikaombewa. Salim hakuwapo. Ya pili lugha sikuielewa, lakini na hao walitaka kuniombea. Ya tatu walikuwa wakifagia.

Ya nne kulikuwa kimya. Chumba kidogo, viti vimepangwa duara, birika la chai, biskuti kwenye sahani, watu kama kumi na wawili. Mwanamke mmoja mnene, nywele zimesukwa vizuri mno, akanyanyuka.

"Karibu, mama. Ikala hapa. Chai iko."

Nikakaa. Nilisema moyoni, nitamngoja mchungaji aje, nimjue sura.

Mchungaji hakuja. Yule mwanamke akasema, "Tuanze. Minaitwa Furaha, natoka Bukavu, nasukaka nywele. Na mi ni mlevi. Leo iko miaka sita na miezi mbili sijagusa."

Wote wakaitikia, "Karibu, Furaha."

Chai ilinipalia. Mwanamke mzima, kapiga pasi nguo zake, anasema mbele za watu kuwa yeye ni mlevi, nao wanamkaribisha! Wa pili akasema vilevile. Wa tatu vilevile. Mzunguko unakuja kwangu na mimi nimeganda. Kufika kwangu wote wakatabasamu.

"Naitwa Zaina," nikasema. "Natoka Tanga."

Wakangoja.

"Na… ?" Furaha akasema kwa upole.

"Na mimi ni mpishi."

Walicheka, lakini si kwa ubaya. Mzee mmoja pembeni yangu akanipigapiga mkono. "Siku ya kwanza ni ngumu, mama. Hata mimi nilisema ni fundi seremala."

Nikaruka. "La! La, sinywi! Sijawahi kuonja! Nimekuja kumtafuta mtu, nimeambiwa hapa ni kanisani!"

"Chumba ndiyo ya kanisa, wanatuazima," Furaha akasema. "Siye hatuna padri, hatuna sheikh. Siye ni batu ya kuacha pombe tu. Batu wengi siku ya kwanza banasema habanywi. Kunywa chai, mama."

Hakuniamini hata kidogo. Na mimi nilikuwa nikijiambia: basi kumbe ni kweli, Salim anakuja kuwapangia viti.

Ndipo mlango ukafunguliwa akaingia, amevaa koti la kazi, anaomba radhi kwa kuchelewa. Akavuta kiti. Akaniona.

Mashoga zangu, sura ile sijui niifananishe na nini. Uso ulimpauka. Nikadhani atakimbia, kwa sababu aliutazama mlango. Furaha hakujua lolote, akasema, "Salim, umefika wakati mzuri. Leo ni zamu yako."

Akasimama. "Shikamoo, dada."

"Marahaba," nikaitika. Mdomo uliitika wenyewe.

Akavua kofia. "Naitwa Salim," akasema, "na mimi ni mlevi. Nina miezi kumi na moja. Hadithi yangu mmeshaisikia. Leo naisema tena kwa sababu mwenyewe kaja."

Akanigeukia.

"Mwaka juzi mama yetu aliumwa, dada akanipigia simu. Nikabeba begi nikaenda stendi. Nilifika mapema. Nikasema ninywe kidogo cha kunisafirisha. Basi likaondoka. Nikasema la kesho. Kesho yake ikawa vilevile. Dada akipiga kuniuliza nimefika wapi, nafungua ramani kwenye simu, naangalia basi lile lingekuwa wapi saa hizo, nataja. Nilifunga mapazia nikasafiri kitandani siku sita. Mama akafa mimi nikiwa Lusaka ya kwenye simu. Siku ya maziko nikasema wamenirudisha Nakonde."

Akaikunja ile kofia.

"Dada, sikutoka Johannesburg. Hata siku moja."

Niliona midomo yao ikisogea, sikusikia. Mnajua nilifikiria nini kwanza? Nilimfikiria yule afisa wa Nakonde mwenye miwani, niliyemnyima salamu yake. Na daraja. Na mama akitamka majina ya miji moja moja.

Nikaweka kikombe chini, nikatoka.

Mbele ya duka la mablanketi

Nilishuka ghorofa zote nne sijui kwa miguu gani. Nikakaa kwenye ngazi ya duka la mablanketi, mvua imeanza, wachuuzi wanakimbiza mafurushi yao. Mbwana ng'ambo akanipungia mkono, sikumjibu.

Salim alishuka, akasimama mbali kidogo.

"Dada, nipige."

"Nikupige ili iweje?"

"Nilitaka kukwambia. Kila wiki nilikuwa nasema wiki ijayo."

"Ulikuwa unakunywa tangu lini?"

"Mwaka wa pili tangu nije. Upweke, kisha mazoea, kisha siwezi kuamka bila."

Na mimi niliyesema njiani kwamba mlevi ni mtu aliyeamua, nilitaka kumwuliza mbona aliamua vile. Nilipomtazama, koti limemjaa maji, sikuona mtu aliyeamua kitu. Lakini hasira haikuondoka. Ikatafuta pa kutokea, ikatoka kwa neno ambalo nilikuwa nimeapa sitamwambia mtu.

"Unajua neno la mwisho la mama? Aliniuliza Lusaka kuna baridi. Ilikuwa Julai. Nikamwambia ndiyo, ipo. Akasema, 'Hana sweta huyo.' Basi. Hakusema tena."

Salim aliketi pale pale barabarani, kwenye maji. Hakulia kwa sauti. Alijikunja tu kama ameshikwa na tumbo.

Nilijuta mara ile ile. Na sikujuta. Yote mawili.

Furaha alikuwa amesimama mlangoni, sijui tangu lini. Hakunikemea wala kumbembeleza. Nilichoogopa ni jinsi alivyokuwa akimtazama Salim, kama mtu anayetazama chungu kilichopata ufa na hajui kitashika ama hakitashika.

"Salim," akasema, "rudi juu ufunge kikao. Usiende fasi ingine. Rudi juu." Akanigeukia. "Na weye, dada yake, panda. Leo hapaswe kubaki yeye peke yake."

Hapo ndipo nilipoelewa. Duka la pombe lilikuwa pale kona, hatua thelathini, mlango wazi. Miezi kumi na moja ya mtu, na mimi ndiye niliyemsukuma kwa neno langu.

Nikamshika mkono, nikamwinua. Tulipanda ghorofa zote nne.

Siku tisa

Nilikaa siku tisa. Usiku wa kwanza mimi kitandani, yeye na mswala chini, na kila aliposogea niliamka kusikiliza kama anakwenda mlangoni. Jumapili nikapika. Dezire alinitafutia viungo kwa Wasomali, nikawapikia pilau katika ile sufuria moja, na Dezire alikula mpaka akasema Burundi haijui kitu.

Salim na mimi tulizungumza kidogo kidogo. Hatukukaa tukamaliza. Anaosha vyombo anasema moja, nakunja nguo nauliza moja. Kuna siku niliamka na hasira upya nikamnyima salamu mpaka jioni. Akaenda kazini, akarudi, akaniletea magwinya. Nikayala.

Jumanne nilimfuata Furaha saluni kwake. Nikamwuliza, huyu atapona lini kabisa, ili niwaambie nyumbani.

Akacheka, mikono iko kwenye kichwa cha mteja. "Mi niko na miaka sita, mama. Kesho yangu siijue bado. Wee unauliza ya Salim?"

Jumamosi ya pili nilikwenda tena kikundini. Mzunguko ulipofika kwangu nikasema, "Naitwa Zaina, ni dada yake Salim." Wakanikaribisha. Mzee fundi seremala bado anaamini nakunywa kwa siri.

Siku ya kuondoka nilimwuliza Salim, "Niwaambie nini?"

"Waambie yote."

"Na ya mama?"

Alipakia begi langu, dereva akawasha basi. "Hiyo kwanza," akasema.

Ukumbini kwa ami

Ya kurudi hayana mengi. Nakonde nilimtafuta yule afisa nimpe salamu, nikaambiwa yuko likizo.

Ami Hemedi hakungoja hata nivue viatu. Wameketi wote, wanaume huku, wanawake kule.

"Kabatizwa?"

"Hakubatizwa. Anasali. Nimeuona mswala wake."

Wote wakahimidi. Mama mdogo akaanza kupiga kigelegele. Ningeweza kuishia hapo, na wote wangekuwa na furaha mpaka leo. Nikasema, "Bado sijamaliza," nikawasimulia kama nilivyowasimulia ninyi, nikianza na ya mama.

Kigelegele kiliisha. Tulisikia maji yakidondoka uani. Shangazi mmoja alitoka. Ami aliiangalia mikono yake muda mrefu.

"Ya kanisa tungeyajibu," akasema mwisho. "Hili lingebaki huko huko."

"Salim ndiye kasema lisibaki, ami."

Mpaka leo ami hajazungumza na Salim. Wengine wamezungumza naye. Wawili wamempigia simu kumtukana, na mmoja kampigia tu, akakata, akapiga tena.

Ninalotaka kumalizia ni la juzi. Nilikuwa uani nachagua mchele wa shughuli ya watu, akaja mtu kwa mlango wa nyuma. Mtu mzima, mwenye heshima zake hapa mjini. Jina sitaji, na mkibahatisha mtakosea. Akaulizia afya yangu, akaulizia mvua. Akashika mchele kidogo akausugua kiganjani.

"Zaina," akasema, "hicho kikundi. Ni lazima mtu awe Johannesburg?"

Nilishtuka kuliko nilivyoshtuka ghorofa ya nne, wallahi. Swali la "kwa ajili ya nani" lilinifika ncha ya ulimi. Nikalimeza.

Nikafuta mikono, nikampigia Furaha. Akapokea. Nikampa mgeni wangu simu, nikamwingiza chumbani kwangu, nikamrudishia mlango, nikarudi uani kwenye mchele wangu.